Kujifunza Mahojiano ya Utafiti: Darasa la Chuo, Kazi ya Msaidizi au Kikundi cha Mazoezi?

Anayetaka kujifunza kufanya mahojiano ya kina kwa ajili ya utafiti wa kimaelezo, yaani ule unaotegemea maelezo ya watu badala ya takwimu, akiwa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, ana njia tatu za kuchagua. Anaweza kusoma somo la mbinu za utafiti katika mojawapo ya vyuo vya ukanda huu. Anaweza kuingia uwandani akiwa msaidizi wa mtafiti mzoefu na kujifunza kwa kufuatana naye. Au anaweza kuungana na wenzake wachache, wakajisomea na kufanya mazoezi wao kwa wao. Kila njia ina watu walioipitia na kuwa wahojaji wazuri, na kila njia ina watu walioimaliza wakiwa bado hawajui kumsikiliza mtu kwa saa nzima.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni misingi na maadili: je, njia hii inamfundisha mtu tofauti kati ya mahojiano ya kina na dodoso linalosomwa kwa sauti, na inamjengea heshima kwa ridhaa na siri za watu? Cha pili ni mazoezi yenyewe ya kuuliza na kusikiliza. Cha tatu ni mrejesho, yaani kama kuna mtu atakayesikiliza mahojiano yako na kukuonyesha ulipokosea. Cha nne ni lugha na adabu za mahali, na cha tano ni muda na gharama.

Vigezo hivi havina uzito sawa kwangu. Mrejesho nauweka juu ya vingine, kwa sababu mtu anapohoji akili yake yote iko kwenye swali linalofuata, na makosa yake humpita bila kuyasikia. Anaweza kufanya mahojiano mengi na akarudia kosa lilelile katika yote. Msomaji anayeona kigezo kingine kuwa kikubwa zaidi kwake ana haki ya kukipa uzito huo anaposoma yanayofuata.

Misingi na maadili

Katika kigezo hiki darasa la chuo lina nguvu za wazi. Mwalimu ana muda wa kueleza kwa utaratibu kwamba swali la utafiti si swali la kumuuliza mhojiwa, kwamba watu wa kuhojiwa huteuliwa kwa makusudi kulingana na wanachokijua, na kwamba idadi yao haikadiriwi kwa kanuni za takwimu. Chukua suala la idadi. Wanafunzi wengi huandika kwamba mahojiano 12 yanatosha, yaani baada ya hapo ni machache mapya yanayojitokeza, wakirudia matokeo ya Guest, Bunce na Johnson yaliyochapishwa mwaka 2006, ambayo yalitokana na mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria. Mwalimu makini atawaonyesha kwamba wanawake wale walifanana kwa mambo mengi na waliulizwa maswali yanayofanana, hivyo namba ile haiwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye utafiti unaochanganya wachuma chai wa Mufindi, wasimamizi wao na wenye mashamba madogo. Darasani pia ndipo mtu anapoelezwa miongozo ya kuripoti utafiti wa mahojiano, kama ule uitwao COREQ wa mwaka 2007 wenye vipengele 32, unaomtaka mtafiti aeleze nani alihoji, alikuwa na mafunzo gani, na alikuwa na uhusiano gani na waliohojiwa.

Msaidizi wa utafiti huyapata maadili kwa njia nyingine: huyaona yakitendeka. Kwa kawaida barua ya utambulisho hushuka kutoka ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa hadi wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji, na mtu akiitwa na mtendaji huja akiamini kwamba ameitwa na serikali na hana ruhusa ya kukataa. Ruhusa ya kiongozi humfungulia mtafiti mlango wa kijiji, lakini haimlazimishi mwanakijiji yeyote kuzungumza. Mtafiti mzuri huanza upya kila anapokutana na mtu, humweleza kazi yake kwa maneno ya kawaida, huomba ridhaa ya mazungumzo na kisha huomba kando ridhaa ya kurekodi, na akikataliwa hushukuru na kuondoka bila kubadilika uso. Msaidizi aliyeliona jambo hili likifanywa vizuri halisahau. Udhaifu ni kwamba anaweza kufundishwa utaratibu bila kuelezwa sababu, na akienda kwenye mradi mwingine hana la kusimamia pale kiongozi wa kijiji anaposisitiza kukaa karibu na kusikiliza.

Kikundi cha mazoezi kinaweza kusoma yote hayo, na maandishi ya bure mtandaoni ni mengi. Lakini hakina kamati ya maadili wala msimamizi anayewajibika. Kwa sababu hiyo kinapaswa kujiwekea mpaka mgumu: mazoezi yahusu mambo yasiyo na madhara, kama vile mwenye genge anavyoamua bei ya nyanya au dereva wa bodaboda anavyochagua kijiwe, kila anayehojiwa aelezwe kwamba ni mazoezi, na rekodi zifutwe kazi ikiisha. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika nchini, na sauti ya mtu inayoweza kumtambulisha haifai kubaki kwenye simu ya kila mwanakikundi.

Kuuliza na kusikiliza

Mfano mmoja utaonyesha ujuzi unaotafutwa. Tuseme mkulima wa mahindi wa Mbozi anazungumzia mbolea ya ruzuku, ambayo serikali iliirejesha msimu wa 2022/2023, naye anasema, "Mbolea tulipata, ila ilikuja na mambo yake." Mhojaji mchanga, macho yakiwa kwenye mwongozo wa maswali, anauliza, "Na mbegu ulinunua wapi?" Mzoefu ananyamaza kidogo, au anasema tu, "Mambo yake?" Hapo ndipo mkulima anapoeleza habari za namba ya usajili, za foleni kwa wakala, za nauli ya safari ambayo hakurudi na mfuko hata mmoja, na za jirani aliyemkopesha. Yote aliyokuja mtafiti kuyatafuta yalikuwa ndani ya maneno yale mawili. Mbaya zaidi ni anayeuliza, "Je, huoni kwamba ruzuku imewasaidia?", kwa kuwa mtu mwenye adabu mbele ya mgeni aliyeletwa na mtendaji atajibu, "Imetusaidia sana," na mazungumzo yatakuwa yamekufa hapohapo.

Darasani ujuzi huu huelezwa vizuri, lakini hutendwa kidogo. Somo la mbinu za utafiti mara nyingi hugawana muhula mmoja na takwimu, darasa huwa kubwa, na mwanafunzi anaweza kufaulu mtihani kwa kutaja aina za maswali pasipo kuwahi kukaa mbele ya mtu asiyemfahamu. Pale mwalimu anapotoa zoezi la mahojiano halisi, hata moja tu, thamani ya somo hupanda sana. Kwa hiyo swali la kumuuliza aliyelisoma kabla yako ni kama zoezi hilo hutolewa.

Msaidizi hupata mazoezi mengi kuliko wote. Huanza kwa kukaa kimya akiandika maelezo, kisha huuliza sehemu ya mwongozo, kisha huachiwa mahojiano mazima. Tatizo lake ni haraka ya mradi. Gari limekodiwa kwa siku chache, mvua ikianza barabara za Makete au Kyela zinaweza kusumbua, na idadi ya mahojiano kwa siku imepangwa. Katika hali hiyo msaidizi hujifunza kumaliza. Akifika mahojiano ya kumi anaamini anayajua majibu, na hapo huanza kumkatiza mhojiwa ili amsaidie kufika anakotaka yeye.

Kikundi kina faida ambayo njia nyingine hazina: kinaweza kusimama na kurudi nyuma. Swali lililouawa na maneno ya mwulizaji linaweza kuulizwa tena kwa namna nyingine, mbele ya mhojiwa yuleyule anayejua kwamba mnajifunza, naye akaeleza kwa nini namna ya kwanza ilimfunga mdomo. Mhojiwa halisi huondoka na siri hiyo. Lakini mtu anayemhoji rafiki yake hakutani na ukimya wa mgeni, wala na mzee anayejibu kila swali kwa "ndiyo, mwanangu", na mazoezi ya marafiki peke yake humpa mtu ujasiri usio na msingi.

Mrejesho: nani atasikiliza rekodi yako?

Hapa ndipo ningemwomba msomaji akae kwa muda mrefu zaidi. Mwalimu wa kwanza wa mhojaji ni unukuzi wa rekodi yake mwenyewe, yaani kuyaandika neno kwa neno yaliyosemwa, kazi ambayo kwa saa moja ya mazungumzo humchukua mtu aliyezoea saa nne hadi sita, na anayeanza zaidi ya hapo, hasa kama mazungumzo yalikuwa ya Kihehe au Kinyakyusa na yanahitaji tafsiri, au kama mvua ilinyesha juu ya bati na kuzimeza sauti. Watu huikimbia kazi hiyo kwa kumlipa mtu mwingine. Ninawasihi wanaoanza wasifanye hivyo kwa mahojiano yao ya mwanzo, kwa sababu anayenukuu maneno yake mwenyewe huona kwa macho ni mara ngapi alimkatiza mtu, ni mara ngapi aliuliza maswali mawili kwa pumzi moja, na ni mara ngapi alisema "vizuri sana" baada ya jibu lililompendeza, akamfundisha mhojiwa ni majibu gani yanatakiwa.

Mwalimu wa pili ni sikio la mtu mwingine. Chuoni sikio hilo lipo, lakini halijielekezi lenyewe kwenye rekodi. Msimamizi wa tasnifu husoma sura, huuliza habari za nadharia na jedwali la mada, na mara nyingi hasikilizi hata dakika moja ya mahojiano ambayo sura hiyo imejengwa juu yake. Si uzembe wake. Ndivyo kazi ilivyopangwa, na ana wanafunzi wengi. Mwanafunzi anayemfuata na kumwambia, "Mwalimu, naomba unisikilizie dakika kumi hizi kabla sijaendelea," ana nafasi nzuri ya kukubaliwa, kwa kuwa dakika kumi ni ombi dogo kuliko sura nzima, na atakachoambiwa hapo kitaokoa mahojiano yote yaliyobaki.

Kwenye kazi ya msaidizi, ubora wa mrejesho unategemea kabisa kiongozi wa timu. Zipo timu zinazokaa kikao kila jioni, kila mmoja akaeleza kilichomshangaza, na kiongozi akawa amesikiliza sehemu ya rekodi za siku hiyo. Msaidizi wa timu ya namna hiyo anaweza kujifunza katika juma moja mambo ambayo darasa halikumfikishia kwa muhula. Zipo na timu ambazo jioni ni ya kuhesabu fomu na kuchaji vinasa sauti tu. Mshahara unaweza kuwa sawa katika timu zote mbili. Kwa hiyo, kabla ya kukubali kazi, uliza bila aibu nani atasikiliza rekodi zako na lini, na kama utaruhusiwa kuona uchambuzi, maana msaidizi asiyeona data zikichambuliwa hajui ni maelezo gani aliyoyaacha barabarani.

Kikundi hujengwa juu ya mrejesho, na hiyo ndiyo sababu yake ya kuwapo. Hata hivyo marafiki huoneana haya. Kanuni moja husaidia: kila msikilizaji alete sehemu tatu za rekodi, akizitaja kwa dakika, ambapo mhojiwa alifungua mlango na mwulizaji hakuingia. Kanuni hiyo huondoa lawama ya jumla na sifa ya jumla pia. Kinachobaki ni kwamba hakuna aliyebobea kati yao, na kosa ambalo wote wanalo hakuna atakayelisikia. Ndiyo maana inafaa kumwalika mtafiti mzoefu mara mojamoja, hata kwa saa moja.

Lugha na adabu za mahali

Kiswahili kinatosha kwa mahojiano mengi katika Nyanda za Juu Kusini, lakini hakitoshi kwa yote. Katika vijiji vya Rungwe, Kyela, Kilolo au Makete utakutana na wazee wanaojibu kwa Kiswahili kifupi cha heshima na wanaofunguka kabisa wakiongea Kinyakyusa, Kihehe au Kikinga. Zipo na adabu zisizoandikwa kwenye mwongozo wowote. Miongoni mwa Wanyakyusa, kwa mfano, mila ya mke kujitenga na baba mkwe wake ni ya zamani na ilikuwa kali sana; mhojaji anayemketisha mama wa nyumbani mahali baba mkwe anapopita amemnyamazisha kabla ya swali la kwanza. Anayefika Iringa au Njombe akamwamkia mzee kwa "Kamwene" na kungoja salamu ziishe kabla ya kutoa karatasi amekwisha kuanza mahojiano vizuri.

Somo la chuo ni dhaifu hapa, kwa kuwa vitabu na slaidi zake kwa kawaida ni vya Kiingereza na mifano yake ni ya mbali. Mwanafunzi huandika mwongozo kwa Kiingereza, akautafsiri usiku wa kuamkia safari, na maswali yakatoka na sura ya mtihani. Msaidizi yuko mahali bora zaidi, hasa akiwa mwenyeji, ingawa uenyeji nao una mtego wake: anaelewa upesi mno, naye huacha kuuliza jambo kwa kudhani kila mtu analijua, na hivyo halimo kwenye rekodi. Kikundi chenye watu wa lugha tofauti kinaweza kufanya kazi nzuri ya kutafsiri mwongozo wa Kiswahili kwa lugha ya mahali kwa pamoja, kisha mwingine akaurudisha kwa Kiswahili bila kuona wa kwanza, ili tofauti zionekane.

Mada nyeti zinahitaji neno la ziada. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa 2022–2023 uliiweka Njombe juu ya mikoa yote kwa asilimia 12.7 ya watu wazima, ikifuatiwa na Iringa na Mbeya, na kwa sababu hiyo maswali ya VVU, ya ndoa na ya vifo katika familia si mageni kwa watu wa huku. Anayeuliza mambo hayo anapaswa kujua afanye nini mhojiwa akianza kulia, amwelekeze kituo gani, na asimamishe lini. Haya hufundishwa vizuri na timu yenye uzoefu wa utafiti wa afya. Darasa huyataja tu, na kikundi kisiyajaribu kabisa.

Muda na gharama

Chuo huchukua muhula au zaidi na kinahitaji ada, isipokuwa kwa yule ambaye tayari ni mwanafunzi na somo limo katika ratiba yake. Msaidizi hulipwa posho, lakini nafasi huja kwa msimu na kwa kujulikana. Vyuo vikuu, kituo cha Mbeya cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), TARI Uyole (kituo cha utafiti wa kilimo) na asasi za maendeleo ni mahali pa kuulizia. Kikundi kinagharimu bando, chai na uvumilivu, na mara nyingi huvunjika mtu wa kwanza anapoacha kuja.

Kwa hali yako

Kama ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), chuo kikuu kishiriki cha Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa au kwingineko, na somo la mbinu za utafiti bado liko mbele yako, lisome kwa bidii lakini uanzishe kikundi cha watu watatu hadi watano sambamba nalo. Somo litawapa mpangilio, na kikundi kitawapa masikio.

Kama umekwisha kuhitimu na unatafuta kazi, njia ya msaidizi inakufaa zaidi, hata kwa posho ndogo, mradi kiongozi wa timu ni mtu wa kusikiliza rekodi. Ukiwa na nafasi mbili, moja yenye posho nzuri na nyingine yenye kikao cha kila jioni, na nyumbani hakuna dharura ya fedha, ningekushauri uchukue ya pili kwa mradi wa kwanza.

Kama ni muuguzi, ofisa wa halmashauri au mfanyakazi wa asasi ambaye amepewa jukumu la kuhoji wananchi bila kuacha kazi yake, kozi fupi yenye zoezi halisi itakufaa kuliko shahada, na kikundi cha wenzako wa ofisini kinaweza kuiendeleza. Chunga jambo moja la pekee: watu wanakujua kwa cheo chako. Anayekuhitaji kesho kwa dawa au kwa kibali hatakwambia ubaya wa huduma leo, na mara nyingine uamuzi sahihi ni kumwachia mtu mwingine ahoji.

Kama utafiti wako unagusa ukatili, ugonjwa au msiba, usiutegemee ujuzi wa kikundi pekee, hata kama mmefanya mazoezi mwaka mzima. Tafuta kwanza kufuatana na mtu aliyeifanya kazi hiyo.

Na kama umebakiwa na wiki mbili kabla ya kwenda uwandani kwa ajili ya tasnifu ya uzamili, huna nafasi ya kuchagua njia yoyote kwa ukamilifu wake. Fanya mahojiano mawili ya majaribio na watu wanaofanana na watafitiwa wako lakini wasio miongoni mwao, unukuu mwenyewe walau dakika ishirini za kila moja, umpelekee msimamizi dakika kumi ambazo zinakutia mashaka, kisha uandike upya mwongozo wako kabla ya kupanda basi.